Fundi anataka kusugua jamvi ling'ae, mume wangu anataka marumaru

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako wa Kigamboni, mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Tunajenga kidogo kidogo kwa mishahara, kama wengi. Nyumba ina vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo na korido, kama mita za mraba 90 kwa ndani. Imeshaezekwa, plasta imepigwa, fremu za milango zimekaa. Kilichobaki kikubwa ni sakafu, na hapo ndipo amani ya nyumbani ilipoingia mdudu.

Jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa miaka mitatu iliyopita. Zege lilichanganywa kwa mkono, kwa sepetu, pale pale kiwanjani, tukaliacha hivyo hivyo tukaendelea na kuta. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mgahawa mmoja Masaki, nikakuta sakafu ya zege tupu ya kijivu, imesuguliwa mpaka taa za darini unaziona chini. Hakuna marumaru wala kapeti. Nilivua kiatu chini ya meza nikaikanyaga, ubaridi wake nikaupenda. Msimamizi akanipa namba ya fundi.

Fundi alikuja, akazunguka nyumba mara moja, akasema jamvi letu linafaa kabisa. Anasema kwa siku mbili anamaliza nyumba nzima, sakafu haishiki doa, haipasuki, na haina matunzo maisha yote. Bei aliyotaja ni pungufu kidogo ya marumaru za kawaida ukijumlisha na ufundi.

Mume wangu hataki hata kusikia. Kwake sakafu ya saruji ni nyumba ambayo haijaisha. Anasema wageni watatucheka, na siku tukitaka kupangisha mpangaji ataulizia marumaru. Wifi yangu naye kaongeza chumvi, anauliza kama hela zimetuishia. Mama mkwe, ambaye atahamia kwetu tukimaliza, ana magoti mabovu na anaogopa kuteleza.

Nimekutumia picha. Utaona nyufa mbili zinazoanzia kwenye kona ya mlango wa korido na kuingia sebuleni. Kwenye chumba cha nyuma, chini ya ukuta, kuna unga mweupe unatoka, nikiufagia unarudi. Kama chini ya jamvi tuliweka nailoni sikumbuki, na fundi aliyetujengea msingi alishahama mji. Nimsikilize nani?

Mama Nuru, Kigamboni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, usimpe huyo fundi malipo ya awali. Zege lililosuguliwa ni sakafu nzuri na mimi binafsi naipenda. Kilichonishtua kwenye barua yako ni hizo siku mbili.

Kusugua zege kwa kweli ni kazi ya hatua. Inaanza mashine nzito yenye vipande vya almasi vilivyoshikwa kwenye chuma, namba 30 au 40, kula uso wa juu na kusawazisha. Inafuata namba 80, halafu 150 hivi, kila namba ikifuta mikwaruzo iliyoachwa na iliyotangulia, kama unavyopanda namba za msasa kwenye mbao. Hapo katikati sakafu inafagiwa, nyufa na vitundu vinazibwa, kisha inamwagiwa dawa ya kugumisha zege. Dawa hiyo ni maji ya silikati. Inapenya kwenye vinyweleo, inakutana na chokaa huru iliyobaki ndani ya saruji, na kwa pamoja vinatengeneza kitu kigumu cha aina ileile inayoshikilia zege. Inaachwa ifanye kazi na kukauka. Ndipo zinaingia pedi za plastiki zenye almasi, namba 100, 200, 400, na anayetaka kioo anaendelea hadi 800, 1500 au 3000. Mwisho kabisa inapakwa dawa ya kuzuia madoa. Yote hayo, vyumba vitatu na korido na kona zake, kwa siku mbili? Labda aje na jeshi.

Kwa hiyo nadhani anachouza ni kimoja kati ya viwili. Huenda ni niru tunayoijua wote: uji wa saruji, pengine wenye rangi, unapakwa milimita mbili tatu juu ya jamvi, unalainishwa kwa mwiko na kupigwa polishi. Niru ni halali yake na wengi tumekulia juu yake, ila ina bei ya niru, na ikiwekwa juu ya jamvi la zamani lenye vumbi inabanduka magamba. Au huenda anasugua juu juu kisha anamwaga epoksi au vanishi inayong'aa. Hapo mng'ao unatoka kwenye plastiki, zege lenyewe limebaki vile vile. Ikishambuliwa na unyevunyevu kutoka chini, plastiki hiyo inafanya malengelenge, na pale jua linapopiga dirishani inageuka manjano. Mwulize anaanza na namba ngapi, anaishia namba ngapi, na dawa yake ya kugumisha ni ya aina gani. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Tuseme sasa ni fundi wa kweli na ameongeza siku. Bado kuna jambo kubwa kuliko yeye. Uzuri wa sakafu hii unaamuliwa siku zege linapomwagwa. Mashine inafunua kilichomo, haiwezi kuweka ambacho hakipo. Jamvi lako lilimwagwa ili lifunikwe. Waliolimwaga hawakuwa na sababu ya kujali kama kokoto zimesambaa sawasawa, kama ndoo ya maji iliyoongezwa ili zege "lilainike" ilikuwa moja au tatu, au kama pale walipoishia jioni na kuanza kesho yake paliunganishwa vizuri. Ukisugua, yote hayo yanakuja juu: hapa kokoto zimejazana, pale ni mchanga mtupu, katikati ya sebule kuna mstari wa siku ya pili, na karibu na mlango kuna alama ya kandambili ya mtu. Wapo wanaopenda sura hiyo na kuiita ya asili. Kama wifi yako anacheka sasa, subiri aione hiyo.

Kuna pia suala la nguvu. Majamvi mengi ya nyumba zetu yanachanganywa kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, na hapo ni pale fundi anapohesabu ndoo kwa uaminifu. Uwiano huo unakula kama mifuko sita na kidogo ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Zege ambalo ningelimwaga nikijua litasuguliwa ni la moja kwa moja na nusu kwa tatu, kama mifuko minane na kidogo. Kwa nyumba yako, mita za mraba 90 kwa unene wa sentimita 10 ni mita 9 za ujazo, yaani mifuko 57 dhidi ya 73. Tofauti ya mifuko 16 siku ile ingekufungulia mlango ambao leo huenda umefungwa. Naandika hivi kwa ajili ya wasomaji ambao bado wako kwenye msingi. Amueni sakafu kabla ya kumwaga jamvi.

Wewe lako lipo tayari, na lina sifa moja nzuri: limekaa miaka mitatu. Zege linasubiriwa siku 28 kwa uchache kabla ya kusuguliwa. Lako limeshasinyaa lilivyotaka kusinyaa, na mahali pa kupasuka limeshapasuka. Hizo nyufa mbili kwenye kona ya mlango ni za kawaida sana. Kona inayoingia ndani ndipo mkazo unapojikusanya, na kama hakuna mkato uliowekwa kuuelekeza, zege linajichagulia lenyewe njia. Jamvi la sentimita 10 lilitakiwa likatwe kila mita mbili na nusu hadi tatu, kina cha robo ya unene, ndani ya siku ya kwanza hivi. Sebule ya mita 5 kwa 6 ingegawanywa vipande vinne na mikato ingeonekana kama pambo. Aliyekuambia halipasuki alikuwa anakuuzia maneno. Nyufa zako zinaweza kujazwa kabla ya kusugua, lakini kijazio kina rangi yake na utakiona kila siku. Weka sarafu ukingoni mwa ufa: kama upande mmoja uko juu kuliko mwingine, udongo wa chini unashuka, na hilo linahitaji fundi wa msingi aje kwanza.

Kilichonikosesha raha kwenye picha ni ule unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia kwenye zege na tofali, yanafika hewani yanakauka, na chumvi yaliyoibeba inabaki juu. Kigamboni chumvi hiyo inaweza kuwa ilikuwamo ardhini, au ilikuja na mchanga wenyewe, kwa sababu bado kuna watu wanachota mchanga karibu na bahari wanaupeleka saiti bila kuuosha. Kurudi kwake kila ukifagia maana yake maji bado yanatembea. Sakafu ya kusuguliwa juu ya jamvi linalopitisha maji itakuwa na mabaka meusi wakati wa masika na ukungu mweupe wakati wa kiangazi. Epoksi itabanduka kabisa. Kabla hujachagua chochote, zunguka nyumba kwa nje. Angalia kama ardhi iko juu kuliko jamvi upande wa chumba cha nyuma, kama maji ya bati yanamwagikia ukutani kwa kukosa gata, kama shimo la maji machafu liko karibu. Hilo linarekebishwa kwanza, hata kama mwisho wake mtaweka marumaru.

Halafu fanya majaribio haya mwenyewe, hayahitaji mhandisi. Kata vipande vya nailoni nzito, kila upande sentimita 45 hivi, uvibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, kimoja kila chumba. Viache mpaka kesho yake, saa 16 ndizo za uchache. Ukibandua ukakuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka jeusi kuliko la pembeni, unyevu unapanda na nailoni ya msingi ama haikuwekwa ama ilitobolewa. Kama umefanya kiangazi, rudia masika.

Chukua msumari mpya wa nchi tatu, ukwaruze jamvi kwa nguvu sehemu kama kumi, hasa katikati ya vyumba na milangoni. Zege gumu litakuachia mstari wa kijivu unaometa, ambao ni chuma cha msumari kimebaki juu yake. Zege dhaifu litachimbika mfereji na utapata unga vidoleni. Kama sehemu nyingi ni unga, sahau habari ya kusugua. Dawa ya kugumisha inasaidia zege zuri liwe bora. Zege bovu halifufui.

Vyote hivyo vikipita, mwambie fundi akusugulie mita moja ya mraba ndani ya stoo, hatua zote mpaka mwisho, na umlipe kwa kipande hicho. Fundi makini hatakataa. Kikikauka, kimwagieni chai, mafuta ya kula na limau, mkiache usiku kucha, asubuhi mfute muone. Mume wako awepo.

Kwa sababu limau litaacha alama. Saruji na tindikali haziivani hata kidogo. Ndimu, siki, ukwaju, nyanya, vyote vinaula uso na kuacha duara lililofifia, na duara hilo halifutiki kwa sabuni kwani uso wenyewe ndio umeliwa. Nimeona jiko moja la mama anayependa kukamua ukwaju amekaa kwenye kigoda: mduara wa bakuli uko pale sakafuni mpaka leo, unaweza kuupima kipenyo. Dawa ya kuzuia madoa inakupa muda wa kufuta tu. Na mtu wa usafi akimwaga ile asidi ya kusafishia choo kwenye sakafu hii, mng'ao unaondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo "haina matunzo maisha yote" nayo siyo kweli. Matunzo yake ni mepesi, hilo nakubali: kufagia vumbi kila siku kwa sababu mchanga wa viatuni ndio unaoikwaruza, na kudeki kwa maji na sabuni laini. Baada ya miaka kadhaa, njiani panapopitwa sana patahitaji kupakwa dawa upya na pengine kupitishwa pedi.

Faida zake nazo nisizifiche. Hakuna grauti, ile ya kuziba mianya kati ya marumaru, ya kushika uchafu. Hakuna kipande cha kubanduka wala kulia pwaa chini ya mguu, ugonjwa ambao marumaru zilizowekwa kwa udongo wa saruji uliopakwa madoamadoa badala ya kutandazwa wote zinaupata mapema sana. Ukiburuza kabati halivunji kitu. Mchwa hana la kufanya nayo. Inaweza kusuguliwa tena baada ya miaka mingi ikarudi upya. Ule ubaridi ulioupenda chini ya meza ni wa kweli, ila jamvi lolote lililolala ardhini liko hivyo, na marumaru ingekupa ubaridi uleule. Kwa Dar es Salaam ni raha. Ndugu yangu wa Njombe akiniuliza hili swali Julai nitamjibu tofauti.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi na linahusu hasa nyumba ndogo. Sakafu hii ilikomaa kwenye maghala, viwanda na maduka makubwa, mahali mashine inapotembea mita 40 bila kugeuka. Gharama ya kuleta mashine ni ileile kwa ghala na kwa nyumba yako, kwa hiyo kwa kila mita ya mraba wewe unalipa zaidi. Mashine kubwa nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, na nyumba zetu nyingi zina fezi moja, maana yake jenereta ya kukodi juu ya bei. Halafu kona. Mashine kubwa haifiki ukutani. Sentimita kadhaa za kuzunguka kila chumba zinasuguliwa kwa mashine ndogo ya mkono, mtu akiwa amepiga magoti, na ni vigumu sana mng'ao wa mkono kufanana na wa mashine. Kwenye ghala utepe huo hauuoni. Kwenye korido ya mita moja na nusu, utepe kulia na utepe kushoto utauona kila unapopita. Ukimtembelea mteja wake wa zamani, na lazima umtembelee, usiangalie katikati ya sebule. Chuchumaa uangalie sentimita 10 za mwisho kabla ya skatingi.

Mama mkwe ana haki ya kuogopa, ingawa kosa siyo la zege pekee. Sakafu iliyosuguliwa ikiwa kavu na safi haina utelezi wa ajabu. Maji, sabuni au mafuta juu yake ndiyo yanayoangusha watu, na kadiri uso unavyokuwa laini ndivyo hatari inavyopanda. Marumaru zinazong'aa zina tabia hiyohiyo, tena mbaya zaidi bafuni. Kwa nyumba yenye mtu wa magoti na mtoto anayeanza kusimama, ishieni namba 400. Utapata mng'ao wa hariri ambao hauakisi taa, na mguu unashika. Bafuni na chooni usisugue kabisa. Weka marumaru za uso usiong'aa, zile ndogondogo, zielekezwe vizuri kwenye tundu la maji. Jikoni pia marumaru, kwa ajili ya ukwaju na mafuta. Na mjue zege ni gumu kwa aliyesimama muda mrefu, na kwa sahani inayoanguka halina huruma.

Sasa mume wako. Anaposema sakafu ya saruji ni nyumba isiyoisha, ninamwelewa, maana kizazi chetu kiliona niru ya vyumba vya kupanga na kikaapa kwamba kwangu nitaweka marumaru. Lakini huku pwani sakafu bila vigae haikuwa alama ya umaskini. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu, za watu wenye uwezo wao, zilikuwa na sakafu za chokaa na mawe ya matumbawe zilizoshindiliwa juu ya boriti za mikoko. Shule na ofisi nyingi za serikali za miaka ya 1960 na 1970 zina terazo, ambayo nayo ni saruji iliyosuguliwa, na nyingine bado zinang'aa wakati marumaru za juzi zimeshamegeka. Kwenye kupangisha, hata hivyo, ana hoja nzito. Mpangaji wa kawaida wa Kigamboni ataulizia marumaru, na dalali atakuambia hivyohivyo. Kama kupangisha ni mpango wa kweli wa miaka michache ijayo na siyo neno la kumalizia ubishi, mpe uzito.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye nyumba hiyo? Kwa nilivyoona pichani, nadhani chumba cha nyuma kitafeli jaribio la nailoni, na vyumba vya kulala vyote ningeviwekea marumaru baada ya kuziba chanzo cha maji, na ningehifadhi boksi moja la akiba ili siku moja ikipasuka usitafute rangi ambayo kiwanda kimeshaiacha. Sebule na korido ningezisubirisha majibu ya msumari, nailoni na kile kipande cha stoo. Vikipita vyote vitatu, sugua hizo mbili mpaka 400, ujaze nyufa, na uikate sebule vipande vinne. Kikifeli hata kimoja, usilazimishe.

Ikiwa zege limeshindwa kwa udhaifu na siyo kwa unyevu, na bado roho yako iko kwenye sakafu ya kusuguliwa, tafuta fundi wa terazo. Yeye anakuja na zege lake mwenyewe na chenga zake za mawe, anagawanya sakafu kwa vijiti vya plastiki au shaba ili ikipasuka ipasukie pale, na anasugua kwa maji. Utachagua rangi, jambo ambalo hata mume wako huenda likamlainisha. Nayo haipendi limau, kwa kuwa chenga nyingi ni marumaru asilia. Inaongeza sentimita 3 mpaka 5 za kimo, na wewe fremu zako zimeshakaa, kwa hiyo pima leo nafasi iliyopo kati ya jamvi na alama ya sakafu kwenye fremu kabla hujaita mtu. Hesabu hiyo inahusu marumaru pia, kwa sababu ya udongo wake.

Mkiamua kusugua, kusuguliwe kabla ya milango, kabati za jikoni na rangi ya mwisho, kisha sakafu ifunikwe mpaka mafundi wengine watoke. Tope la rangi na fundi bomba anayeburuza mabomba vitaharibu kazi ya wiki nzima. Na vumbi lake ni la hatari. Ndani yake mna chembe za silika zinazokwama mapafuni na kuleta silikosisi, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Fundi asugue kwa maji au kwa mashine yenye kivuta vumbi, na avae barakoa ya kazi. Kitambaa cha puani hakimsaidii. Wewe na huyo mdogo msikanyage saiti mpaka pamesafishwa na kudekiwa.

Nailoni ya kutosha vyumba vyote haizidi mita chache, utaipata duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ukishabandua, nitumie picha za chumba cha nyuma na sebule, nione matone yako wapi.